Kioo cha Pembeni cha Basi Namba Moja

Kilindoni, Mafia
Jumapili, 6 Julai 2025
Asubuhi: manyunyu tangu alfajiri, kusi kali, mbuzi wa jirani wamejibana barazani kwangu.

Mdogo wangu Shaibu,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na kifua kimepoa. Mimi sijambo, duka la fotokopi linakwenda, wanafunzi wanachapa barua za kuomba kazi. Mama yuko Bweni, goti linamsumbua, ila ulimi hausumbuliwi na kitu.

Usinicheke kwa kuandika barua pepe ndefu wakati simu ipo. Baba alipokuwa akiandika hali ya hewa pale kwenye mnara wa taa, alitufundisha kwamba jambo zito huandikwa, hewa ya asubuhi juu na saa ya kulala chini, ili mtu asije akalikana baadaye. Hili ni jambo zito.

Laptop yangu imekufa. Ilizimika tarehe 19 Mei na haikuamka tena. Leo ni siku ya arobaini na nane sijaendesha basi. Watu hapa wananiona mwanamke wa miaka thelathini na moja anayenyong'onyea kwa sababu ya mchezo wa kompyuta, na mimi siwaelezi. Wewe huhitaji kuelezwa. Bweni Ekspresi ni kampuni yetu, tuliipaka rangi ya kijani wenyewe. Namba 01 langu, namba 02 lako. Mimi mbele kwa sababu ndiye mkubwa, wewe nyuma. Jumamosi zote hizo ndipo nilipokuwa nakupata tangu uhamie Dar.

Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia. Ile laptop ilikuwa dhaifu, nilizima kila kinachozimika: mvua, vivuli, na vioo vya pembeni. Vioo vyangu vilikuwa vyeusi. Miaka minne umekuwa nyuma yangu na sijakuona hata siku moja.

Msafara mkubwa wa mchezo ni tarehe 4 Oktoba, mabasi thelathini yanashindana, Dar hadi Songea, usiku na mvua, na kila dereva awe na vioo vinavyofanya kazi. Nataka kununua laptop ya maana. Nichagulie wewe, nieleze kadi ya michoro ipi itabeba mipangilio ya juu kabisa. Nitaitunza kama Baba alivyotufundisha.

Dada yako,
Mwanaharusi

Jana nililala saa nne na robo.


Dar es Salaam
Jumatano, 9 Julai 2025
Hewa: sijui. Nipo ndani ya duka tangu saa mbili asubuhi. Hewa ni feni.

Shikamoo dada,

Mimi mzima, kifua kimepona, nakula. Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya goti naitafuta. Pole kwa msiba wa laptop. Ningejua vioo ni vyeusi ningekuwa nakupigia honi zaidi.

Tuje kwenye kadi. Nilitaka kukujibu siku ileile, nikaona nimuulize Devota kwanza, tunatengeneza naye laptop hapa dukani. Mimi ni mtu wa skrini na kibodi, kadi za michoro ni zake. Devota anasema watu wengi wananunua jina. Wanasikia kadi ya 4060, wanalipa, wanakwenda kulia nyumbani. Kumbe kadi ya jina lilelile inapewa wati sitini kwenye laptop nyembamba na wati mia na kumi na tano kwenye laptop nene. Ile nyembamba ni basi la injini kubwa lililofungiwa spidi. Siku moja Devota alishindanisha 4050 nene na 4060 nyembamba mbele ya mwenye duka, na 4050 ikashinda. Mzee hakuamini macho yake.

Halafu kumbukumbu ya kadi yenyewe. Devota alinieleza hivi: kila kioo cha pembeni ni barabara inayochorwa upya. Basi letu lina vioo vinne, kwa hiyo kadi inachora safari moja mara tano. Weka mvua, weka vivuli, weka taa za mabasi thelathini. 4050 ina GB sita, itapumua kwa shida. 4060 ina nane. Kwa hiyo ushauri wa Devota ni 4060, nene, isiyopungua wati mia, yenye feni mbili. Itakuwa nzito kama tofali na itavuma kama jenereta. Uzuri wa mfuniko usikudanganye.

Wiki ijayo zinaingia mbili zilizotumika, pacha kabisa. Nimemwomba Devota atuangalizie kabla wengine hawajaziona.

Mdogo wako,
Shaibu


Kilindoni
Jumamosi, 12 Julai 2025
Asubuhi: mawingu, upepo umelala, unyevu mpaka karatasi za fotokopi zinajikunja.

Mdogo wangu Shaibu,

Marahaba. Afya nzuri. Mama kasikia salamu, anasema dawa ya goti ni kukuona.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu. Jina la Devota limetokea mara sita. La Mama mara moja. Langu halimo.

Kadi nimeielewa. 4060, GB nane, wati zisipungue mia, feni mbili. Nimeiandika kwenye shajara. Fedha nimezituma asubuhi hii.

Ambacho sijakielewa ni hiki: huyu Devota ni nani? Ana umri gani, kwao wapi? Na kajuaje kwamba basi letu lina vioo vinne?

Dada yako,
Mwanaharusi

Jana nililala saa sita kasoro.


Dar es Salaam
Jumapili, 20 Julai 2025
Hewa: jua. Nimetoka nje makusudi nikaangalia.

Shikamoo dada Mwanaharusi (nimeliandika),

Natumai u mzima na hasira zimepungua. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua hii nimeiandika mara nne.

Devota ana miaka ishirini na sita. Kwao Bukoba. Anaongea haraka, anacheka kabla hujamaliza utani, na akishika bisibisi ananyamaza kabisa. Kajua vioo ni vinne kwa sababu ameliendesha. Laptop yako ilipozimika mwezi wa tano, Jumamosi ya kwanza niliendesha peke yangu nikachoka. Ya pili nikampa 01. Nilipaswa kukuuliza. Sikukuuliza, naomba radhi.

Laptop imeondoka jana, itapanda boti ya Nyamisati, kaipokee bandarini Jumamosi kwa Zubery wa mizigo. Zile pacha zilikuja kweli. Moja safi, moja ina mkwaruzo kwenye mfuniko. Ya safi Devota ameinunua yeye. Ya mkwaruzo ni yako, feni zake ni nzima zaidi. Tumeijaribu hapa dukani, vioo vyote vinne, mvua, usiku, kila kitu juu kabisa: fremu tisini, yaani picha tisini kila sekunde. Inateleza kama mafuta.

Ndani ya boksi kuna kitenge cha zambarau. Ni cha Mama, Devota kamnunulia. Dada, nataka kumleta Bweni mwezi wa kumi. Najua Mama atauliza habari ya dini. Hilo ni la mimi na Mama, uso kwa uso. Wewe nakuomba kitu kimoja tu, mpokelee kitenge kwa uso mzuri.

Mdogo wako,
Shaibu


Kilindoni
Jumapili, 3 Agosti 2025
Asubuhi: baridi, kusi, anga safi.

Mdogo wangu Shaibu,

Natumai u mzima. Laptop nimeipokea. Kitenge nimempelekea Mama kwa uso niliokuwa nao. Ni kizuri. Naandika hivyo kwa sababu nimejizoeza kuandika ukweli.

Sasa sikia ukweli mwingine. Mchana naiweka dukani, naichaji mpaka imejaa, jioni naichomoa naibeba nyumbani. Kila siku nimepima kwa utaratibu uleule, njia ileile, kutoka stendi mpaka daraja la kwanza. Haya yamo kwenye shajara. Jumatatu tarehe 28, mipangilio ya chini: fremu thelathini. Jumanne, ya kati: thelathini. Jumatano, ya juu, vioo vimezimwa: thelathini. Alhamisi nikawasha vyote, vioo, mvua na vivuli: kumi na saba, kisha kumi na nne. Lori la nyuma lilionekana kwenye kioo vipande vipande, kama picha iliyokwama kwenye printa.

Tisini yako iko wapi?

Ijumaa niliigeuza juu chini. Ina skrubu kumi na moja. Kumi nyeusi. Moja, ya kona ya kushoto, ni ya rangi ya fedha. Mashine hii imefunguliwa. Nauliza kwa heshima: nani aliifungua, na alitafuta nini ndani yake?

Dada yako,
Mwanaharusi

Jana nililala saa saba.


Dar es Salaam
Jumanne, 5 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Niko kazini, foleni ya wateja hadi mlangoni. Devota aliifungua, ndiyo, kwa ajili ya kuisafisha. Namba zako zinamshangaza, anasema hapa ilitoa tisini naye akiwa ameisimamia. Jaribu kushusha vivuli. Nitakuandikia vizuri Jumapili.

Mdogo wako,
Shaibu


Kilindoni
Jumapili, 10 Agosti 2025
Asubuhi: mvua fupi, kisha jua kali la ghafla.

Shaibu,

Jumapili ndiyo hii, na nimefungua barua pepe mara tano. Huenda mko safarini, wewe na basi langu.

Basi niandike mimi. Kulikuwa na laptop mbili pacha. Moja safi, ameichukua yeye. Moja ya mkwaruzo, nimeletewa mimi. Kabla ya kuletewa aliifungua. Kwenu ilitoa tisini, kwangu inatoa kumi na nne. Kitu cha tisini kimebaki Dar. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini kutoa na kujumlisha nilifaulu. Alikuta namba 01 halina mtu akakaa. Alikuta kadi yangu nzuri akaitoa akaweka ya kwake. Alikuta mdogo wangu.

Jana nilikwenda Bweni kwa bodaboda, mgongo unaniuma mpaka sasa. Mama alikuwa amelala ubavu, amejifunika kile kitenge. Nilimweleza yote.

Akaniuliza, "Una hakika, Mwanaharusi?"

Nikasema, "Nimepima, Mama. Nimeandika tarehe."

Akasema, "Baba yako naye akisema hivyo nilikuwa sibishani." Kisha akakivua kitenge begani, akakikunja mara nne. "Mwanamke anayeanza na kompyuta ya wifi yake, atamaliza na nini? Mrudishieni mwenyewe."

Nimekipeleka kwa Zubery. Kinapanda boti ya kesho.

Dada yako, kama bado unamhitaji,
Mwanaharusi

Jana sikulala, nilisinzia saa kumi na moja.


Dar es Salaam
Jumapili, 7 Septemba 2025
Hewa: sijaangalia.

Dada,

Mzigo ulifika dukani tarehe 13 Agosti, umeandikwa jina lake. Devota alipoona umetoka Mafia alifurahi. Alidhani Mama kamtumia zawadi. Aliufungua palepale kaunta, wateja wamejaa, akiwaambia, "Ngojeni kidogo, ni wa mama mkwe." Akakuta kitenge alichonunua mwenyewe.

Hakulia. Alichukua bisibisi akarudi kwenye laptop ya mteja. Wiki tatu hakuongea na mimi zaidi ya "nipe koleo". Nami sikuweza kukuandikia, kila neno lililokuja halikuwa la kumwandikia mtu aliyenibeba mgongoni.

Sasa nisome taratibu, kwa kalamu kama unavyopenda. Kadi ya laptop ya aina hii haichomolewi. Imelehemewa kwenye bodi. Huwezi kuitoa ukaweka nyingine, labda ung'oe bodi nzima, na bodi yako ni ileile, namba yake tunayo kwenye rejesta. Devota aliifungua kwa sababu nilimwambia Mafia kuna hewa ya chumvi. Akatoa vumbi kwenye feni, akapaka dawa mpya ya kupoza kadi. Skrubu moja nyeusi ilianguka ikapotelea chini ya kabati. Akachomoa ya kwenye laptop yake akakuwekea. Yake mpaka leo ina tundu kwenye kona. Ile skrubu ya fedha uliyoikuta ndiyo hiyo, aliiweka mwenye laptop yake wa kwanza.

Juzi ndipo alipoongea. Alisema, "Lete namba za dada yako." Nikampa barua yako ya tarehe 3. Akazisoma zile thelathini tatu, akasema, "Kadi mbovu inayumba. Hii haiyumbi. Chini thelathini, kati thelathini, juu thelathini. Hii kadi nzima imefungwa kamba." Halafu akaniuliza, "Dada yako anachezea kwenye betri?"

Nilikaa chini, dada. Ghafla nilimwona Baba. Umeme umekatika, umerudi kwa kishindo, kompyuta ya mezani imetoa moshi, nasi tumesimama mlangoni. Na ile laptop aliyonunua baadaye, na amri yake: mashine ama inakula ama inafanya kazi, viwili havifanyiki pamoja. Uliandika mwenyewe kwamba unaichaji, unaichomoa, unaibeba nyumbani. Mimi mtoto wa nyumba ile nilisoma nikapita. Mgeni ndiye aliyeona.

Laptop za aina hii zikiwa kwenye betri zinaifunga kadi ili chaji isiishe. Wati zote zile mia na kumi na tano zinatoka ukutani. Chomeka ile chaja nzito. Halafu uhesabu.

Shaibu


Kilindoni
Jumanne, 9 Septemba 2025
Asubuhi: shwari, hakuna upepo, joto limeanza.

Mdogo wangu Shaibu,

Umeandika bila shikamoo na bila "mdogo wako". Nimeona. Ni haki yako.

Jana jioni nilichomeka chaja ukutani. Nilisimama mbali, mkono kwenye swichi, nikanusa kama kuna moshi. Hakukuwa na moshi. Feni zilivuma mpaka paka akatoka nje. Mipangilio ya juu kabisa, vioo vinne, mvua, vivuli, njia ileile mpaka daraja la kwanza.

Fremu tisini na moja.

Nyuma yangu kwenye kioo cha kulia kulikuwa na lori la mtu nisiyemjua. Niliona hata tope kwenye bampa lake.

Sina cha kuandika zaidi ambacho hakitakuwa cha kujitetea. Nisamehe. Mwambie na yeye.

Dada yako,
Mwanaharusi

Jana nililala saa tisa.


Kilindoni
Jumapili, 21 Septemba 2025
Asubuhi: anga safi, upepo mwembamba wa matlai.

Mdogo wangu Shaibu,

Assalaam alaykum. Hujajibu, nami sikudai jibu. Naandika kwa sababu kuna kazi nimeimaliza na inabidi iwe na tarehe.

Jana nilirudi Bweni. Barabara ni ileile ila safari hii ilikuwa ndefu zaidi. Nilimkuta Mama anakuna nazi. Nikaanza habari ya betri na wati, akanikata.

"Mimi sijui wati. Kaiba au hakuiba?"

"Hakuiba, Mama. Kanipa skrubu yake."

"Na ulinihakikishia."

"Nilikuhakikishia."

"Ukaniambia una tarehe."

"Tarehe zilikuwa sawa, Mama. Mimi ndiye sikuwa sawa."

Akaendelea kukuna, mimi nimesimama kama mtoto aliyevunja mtungi. Halafu akasema, "Shaibu alipozaliwa ulikuwa na miaka sita. Majirani wakija kumbeba, unawauliza watamrudisha saa ngapi. Unakumbuka?"

Nikasema sikumbuki.

"Unakumbuka," akasema. "Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki. Nimemvunjia mtoto wa watu heshima yake kwa mdomo wako."

Nikamuuliza nifanye nini. Alimaliza kwanza kukuna nazi ya pili. Ndipo akasema, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza: "Mwambie huyo Devota, kitenge nakitaka. Lakini nisiletewe na boti. Akilete kwa mkono wake, nimwone uso, na mambo mengine tutayazungumza nikiwa nimekivaa."

Nakuandikia mambo mawili mengine, kwa kuwa Baba alisema yaandikwe. La kwanza: namwonea wivu. Nilimwonea tangu mara ya kwanza ulipoandika jina lake, kabla ya skrubu, kabla ya fremu. Laptop ilinipa sababu tu. Namwonea kwamba alijua jibu kwa kusoma namba zangu, mimi niliyeziandika nisijue. Na bado namwonea hivi ninavyoandika.

La pili: tarehe 4 nitakuwa stendi. Kama 01 limekwisha kuwa lake, nitakaa nyuma kabisa na sitasema neno.

Dada yako,
Mwanaharusi

Jana nililala saa nne na nusu, usingizi mzuri.


Dar es Salaam
Jumapili, 28 Septemba 2025
Hewa: mvua ya usiku imeacha madimbwi, asubuhi joto, wauza miavuli wamesikitika.

Shikamoo dada yangu Mwanaharusi,

Natumai u mzima. Barua yako nilimsomea Devota yote, pamoja na ile habari ya wivu. Nilitaka kuiruka, akasema, "Usiruke, hiyo ndiyo naitaka." Alipomaliza kusikia akacheka, kile kicheko chake cha mapema. Akasema, "Huyu angalau anaandika. Kwetu nina mashangazi watatu wana wivu na hawajawahi kuandika barua."

Kitenge kimepigwa pasi. Tumekata tiketi za boti ya tarehe 18.

01 ni lako. Alilirudisha siku ileile kitenge kiliporudi, hakuligusa tena. Amepaka lake, 03. Rangi utaiona.

Jumatano kapokee boksi kwa Zubery. Ni stabilaiza. Umeme ukirudi kwa kishindo utaishia humo. Kachagua Devota. Anasema mtu asilazimishwe kuchagua kati ya amri ya baba yake na kuona nyuma.

Wewe mbele, mimi nyuma yako, yeye nyuma yangu. Tukutane stendi.

Mdogo wako,
Shaibu


Kilindoni
Jumapili, 5 Oktoba 2025
Asubuhi: jua, mawingu mepesi upande wa Chole, hewa imetulia.

Mdogo wangu Shaibu,

Marahaba. Natumai mmeamka wazima, wewe na yeye. Mimi sijambo, macho mekundu tu.

Stabilaiza niliipokea Jumatano. Niliitafuta kasoro nusu saa nzima. Ni nzuri. Jana saa tatu kasoro usiku umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo kama kawaida yake, ikalia "tik" mara moja, na laptop haikujua hata kilichotokea. Fremu themanini na nane. Nimeandika.

Najua mlikuwepo, lakini hamkuwa kwenye kiti changu, kwa hiyo niwaeleze nilichokiona.

Tulipotoka stendi nilitazama kioo cha kulia kabla sijatazama barabara. Ulikuwepo. Kijani, namba 02, taa moja ya mbele imefifia kidogo, kumbe miaka yote hiyo hujaitengeneza. Niliona maandishi yetu juu ya kioo chako yamegeuka, na ule mkia wa herufi ya mwisho nilioupaka vibaya mimi. Mpaka Chalinze sikukutoa machoni. Nilikaribia kuligonga lori kwa sababu yako.

Kisha barabara ikapinda, na nyuma yako nikaliona lake. Zambarau. Rangi ya kitenge hasa, hajakosea hata kidogo.

Nitasema ukweli wa mlima wa Kitonga. Tulipoanza kupanda, mvua ikazidi, 03 likaanza kubaki. Nikakuona unapunguza mwendo kumngoja. Kwenye kioo changu ukawa mdogo, ukawa taa mbili, ukawa kama umefifia kabisa. Mabasi mengine yakaanza kunipita. Moyoni nikasema, haya, amekwishachagua. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta, barabara mbele ilikuwa wazi, na 01 lina nguvu za kufika Songea peke yake.

Nilihesabu mpaka thelathini. Namba hiyo nimeizoea.

Halafu nikashusha gia. Nikawasha taa za dharura, nikasogea pembeni kwenye kona ya juu, nikasimama. Nikapitwa na mabasi mengine kumi na moja. Niliwatazama mnakuja, kwanza wewe, kisha yeye, mpaka mkaingia nyote kwenye kioo kimoja. Kioo chenyewe kidogo. Mlienea.

Uliponijibu kwa taa nilifurahi. Ila yeye alikutangulia kujibu. Hilo nalo nimeliandika.

Tumeshika nafasi ya ishirini na sita. Laiti tungekuwa wawili tungekuwa wa tano, naandika kwa kumbukumbu tu.

Tarehe 18 nitakuwa bandarini tangu saa mbili. Nimekwisha ongea na mwenye bajaji ya kuwafikisha Bweni, nami nitakaa mbele na dereva, mwambie Devota asibishane. Mwambie pia skrubu yake ya fedha ipo palepale kwenye kona ya kushoto. Nimetafuta nyeusi dukani kwa Suleimani nikaipata, nimemwekea kwenye bahasha, azibe tundu lake. Ya fedha simrudishii.

Dada yako, na wifi ya mtu,
Mwanaharusi

Jana nililala saa nane kasoro dakika kumi.